Mavi ya chuma yanapolia kama dhahabu

Mashine ililia mara tatu mahali pamoja. Kijana aliyeishika akanigeukia macho yamemtoka, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina sokoni asimwone anayemwita. Tulikuwa katikati ya mto, maji yakitufika magotini, mwendo mfupi kutoka Ilemba. Ilikuwa Septemba, msimu ambao mito mingi ya Bonde la Ziwa Rukwa hunywea na kubaki vijito vinavyojipenyeza katikati ya mchanga mpana. Upande wa magharibi ukuta wa Lyamba lya Mfipa ulikuwa umekwisha kulimeza jua. Huko juu, karibu mita 1,000 kutoka tuliposimama, watu wa Sumbawanga walikuwa wakitafuta makoti yao. Sisi bondeni tulikuwa bado tunatokwa jasho.

Akazamisha kijiko chake kirefu chenye matundu, akachota, akatikisa. Mchanga ukachuruzika, kokoto zikabaki, na katikati ya kokoto donge jeusi la ukubwa wa ngumi, zito, limejaa vitundu kama andazi lililoumuka kupita kiasi. Akaligonga. Akalinusa. Wenzake wawili waliokuwa wamekaa ukingoni wakainuka kwa pamoja, kwa sababu ditekta ile walikuwa wameinunua mtumba kwa kuchanga fedha za mpunga wa msimu mzima, na donge lolote lilikuwa la watu watatu.

Mzee aliyekuwa akinywesha ng'ombe upande wa pili alivuka polepole. Wakamwamkia. "Marahaba," akasema, akalipokea donge, akalipima mkononi, mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. "Hili si la kuuza, wajukuu zangu. Haya ni mavi ya chuma. Wenyewe walishakula nyama, ninyi mmeokota mfupa."

Mavi ya chuma ndilo jina lake sahihi kwa Kiswahili, na namwomba mhariri asinikatie. Ni takataka inayobaki tanurini baada ya udongo mwekundu kuyeyushwa na chuma kutolewa. Ndani yake chuma kingi bado kimo, kimefungamana na mchanga na majivu, na ndiyo maana mashine hulia. Nilikuwa nimeshuka Ilemba kutafuta habari za dhahabu majini. Badala yake nilipewa habari za chuma na maji, wawili ambao hawajapata kuelewana tangu dunia iumbwe, na za wale ambao, katika pembe hii ya nchi, waliyafikiria maji kabla hayajawafikia.

Tuanze na mashine yenyewe, maana imezungukwa na uganga mwingi. Ile sahani ya duara iliyo mwishoni mwa fimbo ina nyaya zilizozungushwa ndani. Umeme ukipita humo, nguvu ya sumaku hushuka ardhini. Ikikuta metali, huamsha ndani yake vijimkondo vidogo vya umeme, navyo hurudisha sumaku yao wenyewe, hafifu kama mwangwi. Waya wa pili katika sahani ile ile ndio unaousikia mwangwi huo. Basi. Ditekta haioni rangi wala haijui bei ya gramu, na haina uwezo wa kutofautisha ndoto yako na msumari.

Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alijitolea kutafuta risasi iliyokuwa imenasa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Alitengeneza chombo cha namna hii hii, akakijaribu, kikafanya kazi. Alipokipeleka kitandani kwa mgonjwa, kikawa kinalia kila mahali. Inasimuliwa kwamba godoro la rais lilikuwa na springi za chuma, na madaktari nao hawakumruhusu Bell apime ila upande mmoja wa mwili, upande ambao risasi haikuwapo. Garfield alifariki Septemba mwaka huo. Nilipowasimulia wale vijana, mmoja akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiri: "Sasa sisi godoro letu ni lipi?"

Godoro lao ni Ufipa nzima.

Wafipa walikuwa wahunzi wakubwa. Tanuri lao huitwa ilungu, yakiwa mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo, pana chini na jembamba juu, likimzidi mtu mrefu kimo, mengine yakikaribia mita 3. Ajabu yake ni kwamba halikuvukutwa. Chini liliachiwa matundu kuzunguka, na kimo chake chenyewe kiliivuta hewa ndani, kama dohani inavyofanya. Lilishindiliwa kuni na mkaa na udongo wa chuma tabaka juu ya tabaka, likawashwa, likaachwa kuwaka kwa siku kadhaa. Kilichotoka hakikuwa chuma safi bali bonge lililochanganyika na uchafu, nalo lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo ndilo lililovukutwa kwa mivukuto hadi chuma kikatakata. Hapo ndipo mhunzi alipata jembe, shoka na mkuki. Kazi yote ilikuwa na miiko yake, na fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala, ambacho hakikuguswa na kila mtu.

Padri Wyckaert, mmisionari, aliyaandika mambo haya mwaka 1914, wakati malungu yalikuwa yakiwaka bado. Mwaka 1937 R. C. H. Greig aliyaeleza tena katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kufikia hapo jembe la dukani lilikuwa limekwisha kumshinda mhunzi. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, amekwenda mbali zaidi ya wote: kitabu chake kuhusu uhunzi wa Ufipa, kilichotoka mwaka 2010, kinaonyesha kwamba malungu hayakuwa ustadi pekee wa huku, na kwamba kuelekea Ziwa Tanganyika kulikuwa na tanuri za aina nyingine, fupi na za kuvukutwa, ambazo wataalamu wamezipa jina la Katukutu. Kila ustadi uliacha mavi yake, na mvua imekuwa na muda wa kutosha kuyazoa kutoka uwandani na kuyaporomosha kwenye makorongo.

Kwa hiyo mwenye ditekta chini ya Lyamba lya Mfipa anatembea juu ya karakana ya mababu iliyomwagwa mtoni. Mashine nyingi zina kitufe cha kuziambia zisijali chuma, zilie kwa metali nyingine tu. Tatizo ni kwamba mavi ya chuma si chuma cha kawaida. Donge moja hulia kama chuma, la pili kama bati, la tatu, likiwa na umbo baya, humdanganya hata fundi mzoefu. Ukikibonyeza kitufe hicho moja kwa moja, chembe ndogo ya dhahabu iliyolala jirani na donge hupita kimya nawe usijue kamwe. Wajuzi wa Chunya hawakitumii wanapokuwa kwenye eneo zuri. Wanachimba kila kinacholia. Inachosha mgongo, lakini ndivyo.

Nimeitaja Chunya makusudi, kwa sababu dhahabu iliyoingia kwenye vitabu ni ya huko, ng'ambo ya ziwa. Katika miaka ya 1920 dhahabu iligunduliwa kwenye mchanga wa mito ya Lupa, na miaka ya 1930 watu walifurika huko kutoka pande zote, Waafrika na Wazungu, wengi wakiwa na karai, koleo na kichwa kigumu tu. Ilikuwa dhahabu ya mtoni hasa, iliyobomoka kutoka miambani na kusukumwa na maji ya mvua za miaka isiyohesabika. Siku hizi sehemu kubwa ya uchimbaji wa Chunya iko kwenye maduara na makarasha, na tangu mwaka 2019 kuna soko la madini la serikali, lakini mwenye ditekta bado ana nafasi yake pembeni mwa makorongo ya zamani.

Somo la Lupa linafaa mto wowote. Lita moja ya dhahabu tupu ingekuwa na uzito wa kilo 19 na ushei. Lita ya ule mchanga mweusi unaonaswa na sumaku ni kama kilo 5. Mchanga wa kawaida haufiki kilo 3. Kwa hiyo maji yanapopunguza mwendo, cha kwanza kuangushwa ni dhahabu, kinachofuata ni mchanga mweusi, na vyote viwili hulala pamoja: nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona ya mto, kwenye nyufa za mwamba chini ya kokoto. Hapo ndipo mchezo unapokuwa mgumu. Mahali panapofaa kabisa kutafuta ndipo penye mchanga mweusi mwingi, na mchanga mweusi nao huifanya mashine iropoke. Inabidi uishushe usikivu, uishike sahani kimo kile kile juu ya mchanga, uipitishe polepole kama mtu anayefyeka nyasi kwa panga butu. Wale vijana walikuwa wakiipunga kama fimbo ya kuswagia ng'ombe.

Nao hawakutaka dhahabu peke yake. Nilipowabana, mmoja akatoa neno lililokuwa likinisubiri tangu asubuhi: rupia.

Hakuna mkoa Tanzania usiokuwa na hadithi ya mali ya Mjerumani. Pana mwembe, pana daraja, pana alama ya mshale kwenye mwamba, na pana mtu aliyeota. Nimeona mashimo kuzunguka makanisa ya zamani na maboma ambayo yangetosha kufugia samaki. Rukwa ina sababu zaidi ya wengine kuamini. Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, iliitwa Bismarckburg, na Wajerumani walikuwa na boma pale hadi Juni 1916 walipofurushwa na majeshi ya Waingereza. Na kweli kulikuwa na sarafu za ajabu: mwaka huo huo wa 1916, Tabora, walipokuwa wamezingirwa na kukatiwa njia ya Ulaya, Wajerumani walijipigia sarafu zao kwenye karakana ya reli. Moja ilikuwa ya dhahabu, ya rupia 15, yenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa zipatazo 16,000 tu. Hadithi nyingi za masanduku yaliyozikwa, nadhani, zimezaliwa na kasarafu hako kadogo.

Lakini anayetaka kujua Mjerumani alitupa nini majini na aende kusini kidogo, ng'ambo ya mpaka. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Askari wa Kiafrika walikuwa zaidi ya 1,000. Silaha walizoziweka chini, kama inavyosimuliwa Mbala hadi leo, zilitupwa ndani ya Ziwa Chila pembezoni mwa mji. Ziwa lenyewe ni dogo, la kuzungukwa kwa miguu. Hicho ndicho kiasi cha mali ya Mjerumani kilicho karibu na Ufipa: bunduki zilizooza kwenye tope, na chuma kingine tena cha kuifanya mashine ilie.

Haya, maji sasa. Hapa ndipo nina la kukiri.

Miaka kadhaa iliyopita niliazima ditekta kwa rafiki, nikaenda nayo pwani siku mbili. Niliosha sahani tu, nikaikausha kwa taulo, nikaifunga vizuri kwenye begi lake na kuliweka uvunguni. Nilijiona mstaarabu. Wiki tatu baadaye nilipoitoa kumrudishia mwenyewe, kifuniko cha betri kilikataa kufunguka. Kilipofunguka, springi zilikuwa na unga mweupe na ukoko wa kijani kibichi, na betri moja ilikuwa imevuja hadi kwenye waya. Nililipa. Urafiki ulipona, ila hajapata kuniazima hata baiskeli.

Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo ndilo kosa la karibu kila mtu: niliacha betri ndani. Maji peke yake ni mabaya kwa shaba, lakini maji yenye chumvi pamoja na umeme ni msumeno. Umeme ukipita kwenye unyevu wenye chumvi huing'oa shaba chembe kwa chembe kutoka kwenye njia zake na kuipandikiza mahali pengine, na ukijani unaouona ni maiti ya shaba. Kwa hiyo mashine ikilowa ndani, usiiwashe kujaribu kama bado inafanya kazi. Hilo jaribio ndilo linaloiua. Toa betri kwanza, mengine baadaye. Ule unga mweupe wa betri za kawaida ni magadi makali. Tone la siki au ndimu kwenye pamba huutuliza, kisha unafuta kwa spiriti safi na mswaki laini, unaacha ikauke. Betri za kuchaji za lithiamu zilizozama hazirudishwi kwenye chaja kwa kisingizio cha umaskini. Zinaweza kuwaka moto.

Bonde la Rukwa lina ugumu wake wa ziada. Ziwa halina mto unaotoka. Kila kinacholetwa na mito hubaki humo, jua linachukua maji na kuacha magadi. Upande wa kusini mashariki, Ivuna, watu walikuwa wakipika chumvi ya chemchemi karne nyingi zilizopita. Brian Fagan na John Yellen walichimbua mabaki ya kazi hiyo na kuchapisha habari zake mwaka 1968. Maji kama haya hupitisha umeme, na ditekta nyingi za kawaida huyasikia kana kwamba ni bamba la metali lililotandazwa. Ukikaribia mdomo wa mto ambapo maji matamu yanaingia ziwani, mashine hupandwa na pepo. Zipo zinazotumia mapigo ya umeme badala ya wimbi linaloendelea, nazo huvumilia chumvi na udongo mwekundu vizuri zaidi, ila hazijui kutenganisha chuma na kingine. Hapa Ufipa hiyo maana yake ni kuchimba mavi ya chuma kutoka asubuhi hadi magharibi.

Ukitoka majini, suuza kwa maji ya kisima, si ya ziwa. Fungua mfuniko wa plastiki wa sahani umwage mchanga, kwa sababu mchanga mweusi ukibaki humo utasafiri nao na kudhani kila mto una dhahabu. Zivute fimbo zote zitengane, maana mchanga ukikaukia ndani zitashikana usizitoe tena. Kausha kivulini penye upepo, milango yote wazi. Oringi, ile duara ya mpira inayoziba mlango wa betri, ndiyo bawabu wa nyumba nzima: unywele mmoja au punje moja ya mchanga juu yake inatosha kumruhusu adui. Ifute kwa kidole, ipake grisi ya silikoni kidogo kabisa. Vaselini usiipake, mafuta ya jamii ya petroli huvimbisha baadhi ya aina za mpira.

Na kuna jambo ambalo vijana wa Ilemba walikuwa hawajaambiwa. Walikuwa wakiilaza mashine kwenye mchanga wa moto wakati wa kupumzika, kisha wanaichukua na kuizamisha moja kwa moja. Hewa iliyopata joto ndani ya mashine, ikigusa maji ya baridi, hunywea ghafla, na ikinywea huvuta. Huvuta nini? Maji, kupitia upenyo wowote uliopo. Mashine iliyoandikwa kwamba haipitishi maji inaweza kuyanywa yenyewe kwa namna hiyo. Wao, tena, walikuwa na aina ambayo sahani tu ndiyo ya kuzama. Kisanduku cha juu hakikuwa na kinga yoyote zaidi ya mfuko wa rambo na raba bendi, na kukwaa jiwe mara moja kungewagharimu mpunga wa mwaka mzima.

Nilipowauliza wangefanya nini kikilowa, walijibu kwa sauti moja: tungekitia kwenye mchele. Mchele ni dawa ya simu Tanzania nzima, sembuse Ilemba ambako kila nyumba ina gunia. Samahani, jamani. Mchele haukaushi kitu ambacho kingekaa tu upepeni kikakauka, na vumbi lake la wanga huingia kwenye matundu na kuwa uji. Mwaka 2024 kampuni ya Apple ilitoa onyo kwa wenye simu zake kwamba wasizitie kwenye mchele. Pikeni.

Mafundi walioijua sanaa hii ya kukikinga chuma na maji kuliko wote waliopita katika nchi hii hawakuwa na ditekta. Walikuwa na meli. Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli kwenda Kigoma, ambako ilifungwa upya na kuingia majini Februari 1915. Mafundi watatu waliokuja nayo waliongozwa na Anton Rüter. Julai 1916, maadui wakikaribia, amri ikaja: izamisheni. Kamanda alitaka iangamie. Rüter na wenzake waliizamisha kweli, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini kabla ya hapo walizipaka injini zote grisi nzito, kila bomba na kila kiungo, kama mama anavyompaka mtoto mafuta siku ya baridi. Kisha wakaijaza mchanga na kuishusha taratibu.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikawazamia tena kwa dhoruba. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakafungua injini, wakazikuta bado nzima. Miaka minane tangu izamishwe! Ilisafishwa, ikapewa jina jipya, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kama Liemba, jina la kale la Ziwa Tanganyika upande huu wa kusini. Ndiyo ile ile iliyowabeba Wafipa na dagaa zao kutoka Kasanga, Kipili na Kirando kwa vizazi vitatu. Injini zile za mvuke zilidumu hadi miaka ya 1970 zilipobadilishwa kwa za dizeli. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; Rüter, nadhani, angeongeza kwamba mhunzi aipake koleo yake grisi kabla haijavunjika.

Kabla sijasahau, kuna kitu kimoja cha thamani kilichowahi kuangukia bonde hili ambacho mashine ya wale vijana isingekipata hata ingekuwa mpya. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna. Kiliokotwa kisichofika kilo moja. Si jitu la chuma kama kile cha Mbozi, ambacho kinakadiriwa kuwa na tani zaidi ya 12 na kingeipasua spika ya ditekta. Cha Ivuna ni laini, cheusi, cha kumeng'enyeka, na ndani ya madini yake kimebeba maji ya zamani kuliko dunia. Aina yake ni adimu kiasi kwamba wanasayansi wameipa herufi ya kwanza ya Ivuna kuwa jina, na Wajapani waliporudisha vumbi la asteroidi Ryugu mwaka 2020, walilolifananisha nalo ni jamaa wa jiwe hili la kwetu. Kingeangukia mtoni kingevurugika na kwenda na maji. Kimenusurika kwa sababu kiliokotwa kikavu.

Kuhusu sheria nilikuwa mfupi nao, na hapa pia nitakuwa mfupi. Kutafuta madini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini, hata ukitumia ditekta ya mtumba. Leseni ya mchimbaji mdogo ni ya Mtanzania, na ofisi ya madini ya mkoa ndiyo ya kwenda kuuliza. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ukingo wa mto. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa kale kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kwa hiyo kwa tarehe hiyo peke yake rupia ya tembo haifuzu, lakini donge la mavi kutoka kwenye ilungu la babu wa babu laweza kufuzu. Kijana aliyelishika akalitazama upya, kwa heshima kidogo. Mamba nao hawana sheria. Mzee alituonyesha kwa kidole mahali ambapo maji yalikuwa yametulia mno, tukatoka.

Jioni walinionyesha kwamba wamesikia. Mmoja alichota ndoo kisimani, mwingine akafungua kifuniko cha betri na kuziweka nne mfukoni mwa shati. Sahani ilivuliwa mfuniko, ukatoka mchanga mweusi wa kujaza kisoda, wakacheka. Fimbo zilisimamishwa upenuni zikielekezwa penye upepo. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuhamia kwenye bei ya ufuta.

Mzee aliliomba lile donge. Walimpa bila kusita, nami nikamsindikiza kwake nione analitia wapi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akalirusha juu ya paa la jiko, likatua juu ya bati kwa kishindo. Yalikuwapo mengine manne, makubwa zaidi, yamepangwa pembeni kuzuia bati lisipeperushwe na upepo unaoshuka usiku kutoka Ufipa.